Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe: Wanafunzi wa Ng'ambo Wafikapo Ukambani

Wahenga walinena, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Waliotunga methali hiyo hawakuwafikiria wanafunzi wa vyuo vikuu, lakini katika nchi ya Kitui na Makueni maneno yao yawaelekea wanafunzi hao barabara. Vyuo vya Ulaya na vya Amerika ya Kaskazini vifungapo kwa majira yao ya joto, kuanzia Juni mpaka Agosti, wako vijana wavukao bahari kuja Ukambani kwa masomo ya majuma machache. Mmoja hutaka kujua habari za maji, mwingine kilimo cha nchi kavu, mwingine afya ya watoto, mwingine lugha na desturi. Huja na madaftari, vyombo vya kupimia na kamera. Walio wengi hawajapata kamwe kuishi mahali ambapo wao ndio wageni, wala mahali ambapo mtoto wa miaka saba huyajua mambo ya lazima ambayo wao hawayajui.

Kufika ugenini si jambo dogo. Mtu aliyehesabiwa kuwa msomi kwao huamka asubuhi moja akajikuta hajui kusalimu, hajui kuchota maji, wala hajui njia ya kwenda sokoni. Hapo ndipo hupimwa. Akikubali kuwa mwanafunzi kweli kweli, majuma yake machache yatamfaa yeye na wenyeji wake. Akijiona mwalimu, atarudi kwao na picha nyingi na elimu kidogo. Historia ya Ukambani ina mifano ya wageni wa namna zote mbili, na yafaa kuitazama.

JULAI YA BARIDI

Kosa la kwanza hufanyika mgeni angali kwao, anapofunga sanduku lake. Kwao Julai ni mwezi wa joto, na katika fikira zake Afrika ni nchi ya jua kali. Basi hujaza mashati mepesi na kofia. Lakini miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo kipupwe cha Kenya. Juu ya vilima vya Mbooni na Kilungu, katika Makueni, ukungu hutanda asubuhi hata jua lisionekane kwa muda mrefu, na wenyeji huvaa sweta na makoti. Mgeni hutetemeka kwa baridi, naye alidhani amekuja kuungua. Akiteremka siku hiyo hiyo mpaka Kibwezi au Mtito Andei, hukuta joto la mchana. Katika safari ya saa chache amekwisha jifunza kwamba Ukambani si nchi ya namna moja: kuna vilima vipatavyo mvua ya kutosha, na kuna nyanda ambazo mvua yake ni ya kubahatisha.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, maana halionekani upesi. Mvua za Ukambani hunyesha mara mbili kwa mwaka, kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Oktoba na Desemba. Mkulima wa Kitui huitumainia zaidi ile ya Oktoba, ijapokuwa watu wa mbali huiita mvua fupi na kuidhania kuwa si kitu. Mwanafunzi afikaye Julai haoni hata moja ya hizo mbili. Huona mito mikavu, nyasi zilizokauka na ardhi nyekundu iliyo wazi. Asipokuwa na mtu wa kumweleza, huandika katika daftari lake kwamba nchi hii haina maji na watu wake hawalimi. Ni sawasawa na mtu afikaye shambani siku moja baada ya mavuno akasema kwamba mwenye shamba ni mvivu.

Nchi yenyewe ni pana. Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionekana kuwa na watu 1,136,187. Makueni ni ndogo kwa eneo, lakini katika hesabu hiyo hiyo ilikuwa na watu 987,653. Zamani Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, hata mwaka 1992 ilipofanywa wilaya ya peke yake, na makao yake yakawa Wote. Tangu mwaka 2013 zote mbili ni kaunti, nao mto Athi ndio mpaka wao kwa sehemu kubwa.

NJIA YA KUFIKA

Wageni wengi hushukia Nairobi. Aendaye Makueni hufuata barabara kuu ya Mombasa kupitia Salama, Sultan Hamud na Emali. Au hupanda treni ya reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, akashuka Emali, Kibwezi au Mtito Andei. Aendaye Kitui hupitia Machakos na Wamunyu, mahali panapojulikana sana kwa wachongaji wa vinyago. Au huzunguka kwa Thika na Matuu mpaka Mwingi.

Asidhani lakini kwamba anakwenda mahali pasipo wasomi. Kule Kwa Vonza, katika Kitui, kuna Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, kilichoanza mwaka 2008 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi na kupewa hati yake mwaka 2013. Kibwezi kuna kituo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ajili ya mambo ya nchi kavu, na Kiboko kuna kituo cha uchunguzi wa kilimo. Mgeni mwenye busara hufika kwanza kwa wenzake hao, akauliza ni nini kilichokwisha chunguzwa, asije akatumia majuma sita kutafuta jambo ambalo jibu lake limo kabatini mwa ofisi ya jirani.

SALAMU KWANZA

Mwanafunzi aliyejifunza Kiswahili huko kwao hufurahi afikapo Nairobi, maana husikiwa. Afikapo kijijini hushangaa, kwani nyumbani na sokoni watu husema Kikamba. Yampasa aanze tena kama mtoto. Husema, "Wi museo?" naye hujibiwa, "Ni museo," na watu hucheka kwa furaha, si kwa dharau. Akitega sikio vizuri atatambua kwamba lugha hizi mbili ni ndugu: mvua ni mbua, mti ni muti, mtu ni mundu. Tena atajifunza neno muvea, yaani asante, ambalo atalihitaji kila siku.

Salamu Ukambani si mlango wa kupitia mbio. Baada ya kujuliana hali, watu huulizana habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, ndipo shauri lenyewe hutajwa. Mgeni aliyezoea kuingia moja kwa moja katika maswali yake huona kwamba wakati unapotea. Kumbe sivyo. Katika salamu hizo ndimo wenyeji wanamopima kama mtu huyu ana adabu, na kama yafaa kumwambia kweli au kumwambia tu yale anayotaka kusikia. Mwanamke mwenye watoto haitwi kwa jina tupu; huitwa kwa jina la mwanawe, Mama Mutua au Mama Kamene. Mzee hasalimiwi na kijana aliyekaa kitini huku mikono imo mifukoni. Picha haipigwi kabla ya kuomba ruhusa. Siku ya Jumapili mgeni akienda kanisani huenda akaambiwa asimame awasalimu watu, naye asiogope. Maneno machache na shukrani zatosha.

Mara nyingi wenyeji humpa mgeni jina. Msichana huweza kuitwa Mwende, maana yake anayependwa, au Mueni, maana yake mgeni. Mvulana huweza kuitwa Musyoka, yaani yule arudiye. Wageni hulipokea jina kama zawadi ya kuchekesha, wakaliandika katika barua zao. Lakini jina si mchezo mtupu. Aitwaye Mueni amekumbushwa kwamba ana haki ya mgeni na wajibu wa mgeni. Na aitwaye Musyoka amekwisha kuahidiwa na watu, hata kabla yeye mwenyewe hajaahidi, kwamba siku moja atarejea.

Chakula nacho ni somo. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kinuni hata maganda yakatoka, kisha yakapikwa pamoja na mbaazi, kunde au maharagwe. Mgeni alapo mara ya kwanza huona ni chakula chepesi cha shamba. Siku ya tatu mama wa nyumba humkabidhi mchi. Baada ya dakika kumi mikono imemwuma, na mahindi bado yana maganda yake. Tangu siku hiyo hula kwa heshima.

MAJI YALIYO CHINI YA MCHANGA

Katika mambo yote yawaletayo wanafunzi Kitui na Makueni, lililo kubwa ni maji. Mito mingi ya huko, kama Tiva na Thua, hujaa kwa ghafula mvua inyeshapo, kisha hukauka ukabaki mchanga mweupe. Mgeni husimama katikati ya mto huo, akaona mchanga mbele na nyuma, akasema, "Hapa hapana maji." Mwanamke mwenye punda na mitungi huja, akafukua mchanga kwa kibuyu, akangoja kidogo, akaanza kuchota. Maji yalikuwapo chini ya miguu ya mgeni.

Maarifa hayo ya kale ndiyo yaliyofanywa kuwa kazi kubwa ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto mkavu, mahali ambapo mwamba u karibu chini. Mvua ikija, maji hubeba udongo na mchanga. Udongo mwepesi hupita juu ya ukuta na kwenda zake, bali mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta. Baada ya misimu michache ya mvua, nyuma ya ukuta hapana ziwa, ila mchanga umejaa. Na katika mchanga huo mna maji, kadiri ya robo ya ujazo wake au zaidi, hata kufikia asilimia 40 kama mchanga ni mkubwa wa chembe. Jua haliyanyonyi maji yaliyo chini ya nusu mita ila kidogo sana. Mbu hawapati mahali pa kuzalia, ng'ombe hawayachafui, na mchanga wenyewe huyachuja.

Kuta za namna hii zilianza kujengwa Ukambani tangu miaka ya 1950, kisha kazi ikapata nguvu mpya. Katika Kitui chama kiitwacho SASOL, kilichoongozwa na mwanachuoni Gideon Mutiso, kimejenga mamia ya mabwawa pamoja na wenyeji tangu miaka ya 1990. Katika nchi ya Machakos na Makueni kikundi cha Utooni, alichokianzisha Joshua Mukusya na jirani zake mwaka 1978, kimefanya kazi iyo hiyo. Nguvu yenyewe si saruji. Nguvu ni mwethya, yaani ile desturi ya Wakamba ya majirani kukusanyika na kufanya kazi ya mmoja wao au ya wote. Mawe hubebwa kichwani, mchanga hupigwa kwa sepetu, maji ya kuchanganyia saruji huletwa kwa punda; na katika mistari hiyo ya wabebaji wanawake ndio wengi.

Hapa ndipo mwanafunzi hupewa jembe lake. Aliyekuja kupima kina cha maji huambiwa kwa upole kwamba leo hapana mtu wa kujibu maswali, kwa kuwa wote wamo mtoni. Kama apenda, aje. Akienda, akashika karai, husikia katika mapumziko ya nusu saa habari ambazo asingalizipata kwa juma zima la kupiga hodi: ni nani aliyetoa shamba lake ili njia ipite, ni kwa sababu gani ukuta wa kijiji cha pili ulibomoka, na ni kisima kipi chenye maji ya chumvi.

Vipimo navyo vina kazi yake. Mwaka 2006 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha VU cha Amsterdam waliandika tasnifu juu ya mabwawa ya mchanga katika bonde la Kiindu, Kitui, baada ya kupima huko maji ya ardhini. Kazi kama hizo zilionyesha kwamba maji hayakai mchangani tu, bali hupenya pia katika kingo za mto, kisha hurudi polepole wakati wa kiangazi. Mwenyeji alijua kwamba kisima hakikauki. Vipimo vilimweleza sababu yake. Elimu mbili zilikutana, na kila moja ilikuwa na haja ya mwenziwe.

WAGENI WA ZAMANI

Mgeni wa Ulaya wa kwanza kuandika habari za Kitui alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa. Alifika mwaka 1849, akapokewa na Kivoi, mfanya biashara mkuu wa misafara ya pembe. Akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, aliuona mlima wenye theluji. Jina la mlima huo alilisikia kwa wenyeji wake Wakamba, akaliandika kwa tahajia yake, na jina hilo ndilo lililokuja kuwa jina la nchi nzima ya Kenya. Krapf alikuwa ameanza kwa lugha, hata Injili ya Marko kwa Kikamba ikapigwa chapa mwaka 1850. Aliporudi mwaka 1851 msafara wao ulishambuliwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akapotea peke yake nyikani. Ameeleza jinsi alivyotia maji katika mfuko wa darubini yake na katika mtutu wa bunduki, kwa kuwa hakuwa na chombo kingine. Vyombo vyake vya elimu na vya vita vilimfaa siku ile kwa kuwa vibuyu. Bila mwenyeji, msomi yule hakuwa na uwezo wa kujipatia hata maji ya kunywa.

Baada yake, kabla ya Vita Kuu ya kwanza, alikuja Gerhard Lindblom wa Uswidi. Aliishi kati ya watu, akajifunza Kikamba, akasikiliza hadithi na vitendawili. Kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba, kilichotolewa Uppsala mwaka 1920, hata leo husomwa na wajukuu wa wale waliomfundisha.

Lakini wako pia waliokuja na majibu mkononi. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliitazama nchi ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwamo, wakaona vilima vilivyochimbika kwa maji ya mvua. Ripoti ya mwaka 1937 iliieleza kama nchi inayokufa. Waliona kweli kwamba udongo ulikuwa ukienda. Ila dawa waliyoiamua bila shauri la wenye ng'ombe ilikuwa ni kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Julai 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwa mamia, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kutaka kusema na Gavana, wakakaa huko kwa majuma. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini mwisho ile amri ya kuuza ng'ombe kwa lazima ikaachwa.

Miaka zaidi ya hamsini ikapita. Mwaka 1994 wachunguzi watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya nchi ile ile. Walilinganisha picha zilizopigwa mwaka 1937 na picha za mahali pale pale za mwaka 1991. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu mapema ya miaka ya 1930, kutoka karibu 240,000 mpaka karibu 1,400,000 mwaka 1989. Kwa hesabu ya wataalamu wa zamani ilipasa nchi iwe jangwa. Badala yake miti ilikuwa mingi zaidi, vilima vimekatwa matuta, na mavuno kwa kila mtu yalikuwa yamezidi. Wakulima walikuwa wamechagua wenyewe tuta la namna yao: huchimba mfereji kukingama mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu, ukawa ukingo wa kuzuia maji. Likaitwa "fanya juu". Leo neno hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza, nao wanafunzi wa ng'ambo hulisoma kabla hawajaiona Kenya. Walimu wa neno hilo walikuwa wakulima, na darasa lao lilikuwa mteremko wa kilima.

MAJINA YA NJAA

Kuna hazina nyingine ambayo mgeni mwenye haraka haioni. Wazee wa Ukambani huhesabu miaka kwa majina ya njaa. Ile ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, iliyoua watu wengi sana kati ya 1897 na 1899, yaitwa Ngomanisye. Ile ya mwaka 1984 yaitwa Nikwa Ngwete, yaani nafa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na fedha mkononi lakini dukani hapakuwa na chakula cha kununua. Mwanafunzi wa tabia ya nchi aweza kutafuta vipimo vya mvua vya miaka hiyo katika vitabu. Lakini kipimo cha mvua hakitamwambia kwamba mwaka ule fedha ilishindwa kumponya mtu. Jina hilo moja lina somo la uchumi, la historia na la hali ya hewa. Halitolewi kwa mtu aliyekaa nusu saa na orodha ya maswali. Hutolewa jioni, kwa yule aliyekwisha twanga muthokoi.

DENI LA DAFTARI

Sheria ya Kenya yamtaka mgeni ajaye kufanya uchunguzi apate kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013, kisha ajionyeshe kwa wakuu wa kaunti kabla ya kuanza kazi, na mwisho apeleke nakala ya taarifa yake kwa Tume. Baada ya hayo huenda kwa chifu, naye chifu humjulisha kwa watu katika baraza. Hayo yote ni mema. Ila kuna deni ambalo halilipwi kwa mihuri.

Mama mmoja wa kijiji aweza kuulizwa na wageni wa miaka mbalimbali maswali yale yale: wachota mitungi mingapi, watembea saa ngapi, una watoto wangapi, walala na njaa siku ngapi. Hujibu kwa adabu, maana mgeni ni mgeni. Lakini majibu yake hupanda ndege yasirudi. Hajui kama maji ya kisima chake yalionekana kuwa safi au machafu. Hajui kama mbegu iliyosifiwa na yule kijana yapatikana wapi. Tena kwa kuona kalamu na karatasi, watu hutumaini kwamba msaada unakuja, wakasema yale wanayodhani yatauleta. Hapo hasara ni ya pande mbili: mwenyeji amedanganyika kwa tumaini, na mwanafunzi ameandika yasiyo kweli.

Dawa yake si ngumu. Siku ya kwanza mgeni aseme wazi kwamba yeye ni mwanafunzi, hana fedha ya bwawa wala ya kisima. Kabla ya kuondoka aombe baraza, asimame awaeleze watu kwa Kiswahili chepesi au kwa mkalimani ni nini alichokiona, nao wapate kumsahihisha. Na kazi ikiisha kuandikwa, kurasa mbili tatu zilizo rahisi zirudishwe kwa chifu, shuleni na kwa kikundi cha mwethya. Karatasi hiyo yaweza kumfaa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka kumi.

WATOTO WA KITUI UGENINI

Wakamba nao wanajua maana ya kufika ng'ambo. Septemba 1959 ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya iliwafikisha New York wanafunzi 81 kutoka Afrika ya Mashariki, nao wengi wakaona kwa mara ya kwanza nchi ambayo hapana aliyejua majina yao. Kitili Mwendwa wa Kitui alisoma sheria Uingereza, akarudi, na mwaka 1968 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Willy Mutunga, aliyezaliwa Kitui pia, alisoma Dar es Salaam na baadaye Toronto katika Kanada, na kuanzia 2011 hata 2016 alikuwa Jaji Mkuu. Watu hao walikuwa wageni katika nchi za watu, wakajifunza. Kisha walichojifunza wakakileta kwao, watu wao wakakiona.

Kipimo hicho hicho kimpime na kijana afikaye Kitui au Makueni mwezi wa Julai. Mwenyeji atampa kitanda, muthokoi, jina na salamu, na siku ya tatu atampa jembe. Yeye naye alishike kwa mikono miwili, aulize kabla ya kuandika, na alichokichukua akirudishe. Na wenyeji wasiogope kumwuliza mgeni wao kwa adabu, siku anapoaga, swali hili moja: "Uliyoyaona kwetu, tutayasoma lini?"